Sifuri ya Injinia

Kuna mtu asiyesikia kwa sababu masikio yamechoka, na kuna asiyesikia kwa sababu kichwa ni kigumu. Kiswahili chetu kimewatupa wote wawili ndani ya neno moja, na jirani yangu alijificha katikati ya hilo neno miaka mingi. Ukisema yule mzee hasikii, watu wanacheka, wanakuuliza kwani ni mzee gani unayemjua anasikia? Mimi nilikuwa naongea juu ya masikio. Masikio hasa, haya mawili ya pembeni. Hakuna aliyenielewa, na yeye mwenyewe ndiye alikataa kunielewa kuliko wote.

Hapa Kiamunyi tulimwita Injinia. Hakuwa injinia. Alifanya kazi Olkaria kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha stima mpaka akastaafu, na sehemu kubwa ya hiyo kazi, kwa maelezo yake, ilikuwa kutembea kando ya mabomba na kusikiliza. Alisema bomba likitaka kuharibika hubadilisha sauti kabla macho hayajaona kitu. Wengine wanabeba vipima, yeye alikuwa anasimama, anainamisha kichwa, anasema, "Hapo. Fungeni hapo." Wanafunga, wanakuta kweli. Sasa mtu kama huyo, aliyesomesha watoto kwa masikio yake, utamwambia vipi kwamba yamekwisha? Nilijaribu kwa upole. Nikajaribu kwa hasira, na hasira ninayo ya kutosha, muulize yeyote anayeleta simu kwa kibanda changu mjini akidai ilianguka "kidogo tu" na ina maji ndani.

Tulikuwa na ugonjwa mmoja, mimi na yeye. Tulikuwa watu wa kutengeneza amplifaya ambazo hakuna mtu ameagiza. Wengine wanaenda kuangalia mpira, wengine wanakunywa. Sisi Jumamosi mchana tulikuwa kwa karakana yake nyuma ya nyumba, kati ya kuku na mapipa ya maji, tumeinamia bodi, moshi wa risasi ya kuungia waya ukitupanda machoni. Yeye alijua transfoma na nyaya. Mimi nilijua kuandika programu kwa zile kompyuta ndogo za kwenye bodi. Ukituweka pamoja unapata fundi mmoja mzuri na magomvi mawili.

Magomvi yake yalikuwa na misemo. "Stima haina mjomba," alisema kila mara nikigusa kitu kabla hajachomoa plagi. Redio ikikataa, alisema, "Iulize tena, lakini kwa heshima." Na nikimshinda kwa hoja, alikuwa anachukua bisibisi, anaangalia ncha yake kama mtu anayesoma gazeti, halafu anasema, "Wewe fundi wa simu, rudi kwa simu zako." Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kukubali. Nilikuwa narudi nyumbani nikichemka, na Jumamosi inayofuata niko pale tena. Huo ni ujinga wangu, sikatai.

Alikuwa na tabia ya kuweka kiganja juu ya boksi la spika muziki ukicheza. Hakuwa anapiga mdundo, aliweka tu, akatulia. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe mtu alikuwa anasikiliza kwa mkono.

Na usidhani hakujua hatari ya kelele. Alijua kuliko daktari! Huyo ndiye alikuwa akiwagombeza vijana wa Olkaria wavae vizuia sauti. Hata hapa mtaani, mtu akikata chuma kwa grainda, Injinia alitoka mbio kufukuza watoto. "Zibeni masikio! Mnadhani yanauzwa dukani?" Siku moja akanionyesha picha yake ya zamani kando ya kisima, mvuke umejaa nyuma yake mpaka mlima hauonekani. Vizuia sauti alikuwa navyo, ndiyo. Vilikuwa shingoni, vimening'inia kama mkufu wa bibi arusi.

"Mzee, na hivi?" nikamuuliza.

"Ningevaa ningesikiaje bomba?"

Ukiwa na akili timamu, utamjibu nini mtu kama huyo?

Mambo ya chipu yalianza na mikwaruzo. Kila mtu aliyewahi kuwa na redio ya zamani anaijua ile krrr krrr unapozungusha sauti. Ni vumbi na uchakavu ndani ya kile kitu cha kuzungusha. Amplifaya yake kubwa, ile aliyoipenda kuliko zote, ilikuwa na mikwaruzo mibaya sana. Ukiongeza sauti kidogo, spika zinakohoa. Nikamwambia, "Injinia, hii badilisha, inakwaruza."

"Inakwaruza wapi?"

Nikazungusha. Krrrrr. Kuku wakaruka.

"Sisikii mkwaruzo wowote," akasema, na uso wake ulikuwa mkavu, haukuwa wa mtani. Nikazungusha tena huku namwangalia. Hakupepesa.  Mkewe, Mama Cherono, alikuwa mlangoni na sufuria ya chai. Tukaangaliana. Yeye alikuwa anajua kitambo.

Jioni hiyo Mama Cherono alinisindikiza hadi getini. Ni mama mpole, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, wa kuongea kama anakunong'oneza siri hata akikuuliza bei ya nyanya. Akaniambia, "Msichana wangu, wewe anakusikiliza. Mpeleke apimwe masikio kabla hayajazima kabisa. Mimi akiniambia anasikia, namwambia nini tena?"

Nikamwambia nitampeleka. Ati anakusikiliza! Laiti ningejua.

Nilifikiri njia ya kuanzia ni ile ile tunayoielewa sote wawili. Nikamwambia kuna chipu za kupunguza na kuongeza sauti, hazina kitu cha kusuguana, kwa hivyo hazikwaruzi kamwe. Unaiambia kwa namba, inatii. Nikasema tutaiweka, na tukishaiweka tutacheza milio ya juu na ya chini, na kila mmoja aseme anasikia wapi. Hapo, nikafikiri, atajipima mwenyewe bila mtu kumwambia neno. Nilijiona mjanja sana.

Chipu ikaja, ndogo kama punje ya maharagwe, miguu ishirini. Aliipenda siku hiyo hiyo. Aliigeuza chini ya miwani yake iliyofungwa waya upande mmoja, akacheka. "Hii ndiyo itashika nguvu yote ile?" Nikamwambia haishiki nguvu, inashika sauti kabla haijapewa nguvu. "Basi ni kama valvu ya bomba," akasema. Na kwa kweli alikuwa sawa. Kuanzia hapo akaiita valvu, na ukiiita chipu anajifanya hajui unaongea juu ya nini.

Halafu matatizo yakaanza, na kila tatizo liligeuka kuwa ugomvi.

Kwanza, hiyo chipu ukiiwasha, inataka muda kidogo kabla hujaanza kuisemesha. Ukiiamrisha papo hapo haisikii, inakaa pale imenuna, sauti haipandi wala haishuki. Nikaweka kwenye programu mstari wa kusubiri. Yeye akautoa! Alikuwa amejifunza kidogo kufungua programu yangu, na kidogo chake kilikuwa kinanimaliza. "Mimi nilikuwa nasubiri kisima," akasema, "sitasubiri kidude kama hiki." Basi kila tukiwasha, kimya. Anapiga boksi kofi. Anazima, anawasha. Kimya. Nikarudisha mstari wangu, ikafanya kazi, akasema ni kofi.

Pili, chipu hiyo inapokea makumi kando na mamoja kando, kama tulivyofundishwa hesabu shule ya msingi. Ukitoka arobaini kwenda thelathini na tisa, kwanza unabadilisha makumi, nne inakuwa tatu, halafu mamoja, sifuri inakuwa tisa. Lakini kabla mamoja hayajafika, kwa kufumba na kufumbua, chipu inajua ni thelathini. Sauti inaruka, pa! halafu inarudi. Kila ukipita kumi, pa! Ungeshuka ngazi vile, ungevunjika mguu. Nilimwambia dawa ipo, tutume yote mawili kwa pamoja, kazi ya dakika chache.

"Sisikii pa yoyote."

"Mzee, iko."

"Wewe una masikio ya popo."

Nikaona hapo ndipo pa kuingilia. Nikamwambia, "Basi tucheze ile milio tuliyosema. Tuone nani ana masikio ya nini." Akafunga boksi kwa bisibisi, taratibu, skrubu moja baada ya nyingine. Akasema kuku hawajalishwa. Ujanja wangu wote ukaishia kwa kuku.

Lakini kilichonitoa roho ni sifuri.

Chipu hiyo haihesabu sauti. Inahesabu kile ambacho imepunguza. Sabini na tisa maana yake imepunguza karibu yote, ni kimya. Sifuri maana yake haijapunguza chochote. Sifuri ni kelele yote. Fundi mwenye huruma kwa watu anageuza hiyo hesabu ndani ya programu, ili skrini ionyeshe namba ikipanda sauti ikipanda. Ni mstari mmoja! Toa kwa sabini na tisa, basi. Nikauandika. Akaufuta.

"Mashine haitasema uongo kwa nyumba yangu," akasema. "Valvu inasema imepunguza ishirini. Wewe unataka iwaambie watu hamsini na tisa. Hiyo hamsini na tisa imetoka wapi?"

"Imetoka kwa akili ya kawaida, mzee! Mtu akiona sifuri anajua ni kimya."

Akanyoosha kidole kwa saa ya ukutani, ile ya plastiki iliyoandikwa jina la duka la mbolea. "Hiyo sindano fupi iko kwa namba gani?"

"Moja."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa saba."

"Umeona moja, umesema saba. Kichwa kimekuuma? Mtoto wa darasa la pili anaweza. Sisi ni watu wa kusoma namba moja na kusema nyingine tangu tuzaliwe, halafu unaniambia watashindwa na valvu?"

 Haki ya nani, saa hiyo ya plastiki inaniudhi mpaka leo. Kwa sababu alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa tamu, na bado hakuwa sawa. Niliondoka bila kunywa chai.

Sasa sikia yaliyotokea. Amplifaya ya kanisa letu iliungua, na kabla mchungaji hajamaliza kutangaza, Injinia alikuwa amesimama. "Nitaleta yangu!" Alisema kwa sauti ya mtu aliye upande wa pili wa bonde. Makofi. Mimi nikiwa kwaya nikashika kichwa.

Nilimfundisha yule shemasi anayeshughulikia vyombo. Nikamwambia, kaka, hii inaenda kinyume, sifuri ni juu, sabini na tisa ni chini. Akasema sawa. Nikamwandikia kwa karatasi, nikabandika juu ya boksi. Injinia akaibandua, akasema amplifaya si mlango wa choo, haibandikwi matangazo. Wiki za kwanza shemasi alikumbuka. Kisha akazoea, na ukizoea kitu ndipo unakisahau.

Jumapili moja tulikuwa na familia iliyofiwa. Mchungaji akawaita mbele, akasema tunyamaze kabisa mbele za Mungu, na akampungia shemasi mkono, shusha. Shemasi, roho nzuri, akataka kimya chenyewe. Akazungusha mpaka sifuri.

Kwanza tulisikia pumzi ya mchungaji, kubwa kama ng'ombe amelala kati yetu. Halafu maiki ikashikana na spika na zote zikaanza kulia. Mlio ule uliingia kwa meno. Mabati ya kanisa yakaimba. Nyanya mmoja akaingia chini ya benchi na kitambaa chake cha kichwa kikabaki juu. Watoto wote kwa pamoja wakaanza kulia, mama mfiwa akashika ukuta, shemasi naye amechanganyikiwa, anazungusha huku na huku, na kila akipita kumi, pa! Nikaruka ngoma, nikaruka miguu ya watu, nikang'oa plagi kwa ukuta.

Kimya.

Injinia alikuwa ameketi benchi ya mbele, hatua chache kutoka kwa spika. Alikuwa ameegemea nyuma, macho amefunga, na anatabasamu. Sijawahi kuuona ule uso kabla. Alikuwa kama mtu aliyekuwa safarini siku nyingi na sasa amefika, amevua viatu. Akafungua macho, akaniona na plagi mkononi.

"Mbona umezima?" akauliza, na kanisa lote likamsikia. "Ndiyo ilikuwa imeanza kuwa sawa."

Hakuna aliyecheka. Mama Cherono alikuwa kando yake, viganja bado viko kwa masikio. Akamwangalia mume wake vile unamwangalia mtu anapoondoka kwa stesheni na hujui kama anarudi. Nilitaka kumtikisa yule mzee. Nilitaka kumshika mabega nimtikise mpaka meno yagongane, na pia nilitaka kulia, na sikufanya lolote kwa sababu mchungaji aliendelea na maombi bila maiki.

Nilimfuata nyumbani siku hiyo hiyo. Alikuwa anamlaumu shemasi. "Hajui kusoma yule!"

"Mzee," nikamwambia, "wewe hukusikia ile kelele."

"Nilisikia vizuri sana."

"Hilo ndilo tatizo! Kila mtu amekimbia, wewe umesikia vizuri!"

Akachukua bisibisi. Akaangalia ncha yake.

Nilimwekea nafasi ya kupimwa masikio kwa hospitali moja mjini. Siku ya kwanza akasema gari lake halina breki. Nikasema nitakuja na langu, akasema mvua. Mara ya pili nilitangulia kushika foleni ili asipate kisingizio cha foleni. Nikaketi kwa benchi na namba yake mkononi, watu wakaitwa, wakaingia, wakatoka, nikaitiwa namba, nikasema bado yuko njiani. Nikapiga simu, akapokea, akasema "Hello? Hello?" mpaka ikakatika. Baadaye nikajua alikuwa Gilgil, ameenda kuangalia transfoma kwa mtu. Transfoma! Mimi nimefunga kibanda siku nzima, nimeketi na wagonjwa kama mgonjwa, na yeye ameenda kuangalia chuma.

Nilimrushia ile methali waziwazi, uso kwa uso: sikio la kufa halisikii dawa. Akasema, "Dawa haiongei." Unaona mtu mwenyewe?

Mama Cherono ndiye aliyechoka kwanza. Alikuja kwa kibanda changu na begi, anaelekea stesheni. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika, yule mama wa kunong'ona.

"Nimekuwa mwanamke wa kupiga kelele," akaniambia. "Juzi jirani mpya amekuja getini kuuliza kama tunapigana. Nilikuwa namuuliza kama chumvi imetosha."

Alikuwa anaenda kwa shamba lao la viazi Keringet. Alisema hajaachana na mtu, hajakosana na mtu. Alisema atarudi siku mzee akipimwa. "Huko hata nikikaa peke yangu, angalau najua niko peke yangu. Hapa nakaa na mtu na bado niko peke yangu."

Injinia aliwaambia watu bibi ameenda kuvuna viazi. Viazi vikavunwa, vikaisha sokoni, vikapandwa vingine. Yeye bado anasema bibi anavuna. Nami nilikasirika nikaacha kwenda. Jumamosi nilikuwa nafua nguo, au najifanya nafua. Nikipita getini kwake nasikia muziki umefunguliwa mpaka madirisha yanatetemeka, napita.

Mwezi huu, Jumamosi moja mchana, nilikuwa natoka dukani nikamsikia Mama Cherono akiongea. Nikaruka kwa furaha. Amerudi! Lakini sauti ilikuwa kubwa mno. Ilikuwa inatoka juu ya ua, imejaa barabara nzima, inasema, "Baba Cherono, umekula?"

Nikaingia bila kubisha. Karakana ilikuwa wazi. Injinia ameketi kwa stuli mbele ya spika mbili kama mtu aliyetembelewa na wageni, simu yake imeungwa kwa waya hadi ile amplifaya iliyorudishwa na kanisa, na skrini inasoma sifuri. Aliniona, akanionyesha kidole nikae. Nikakaa juu ya debe.

"Ndiyo," akaiambia simu kwa sauti kubwa, "imenyesha."

"Nimesema umekula?"

"Imenyesha vizuri. Mahindi yako sawa."

 Spika zikabaki na mvumo wa upepo wa Keringet. Mimi nilielewa kabla yake, au labda yeye alielewa zamani. Sauti ilikuwa inamfikia mzee, ile nene ya chini. Maneno ndiyo hayakufika. S na t na k, vile vitu vidogo vinavyotenganisha neno na neno, vilikuwa vimebaki Olkaria. Unaweza kumfungulia mvuke wote wa dunia, hatapata zaidi ya mvuke.

"Hunisikii," akasema Mama Cherono.

"Nakusikia! Nakusikia sana!"

"Haya. Kama unanisikia, sikia." Na akaanza kuongea polepole, na ile sauti yake ya kunong'ona ikatoka kubwa kama tangazo la mkutano. "Mimi sikukukimbia. Nilitaka mtu wa kuongea na mimi. Ukienda kupimwa, hata wakisema hakuna dawa, nitapanda gari la kwanza nije. Lakini kama hutaki kwenda, niambie leo, nijue, nizoee. Nimechoka kungoja."

Mama wa ploti ya pili alikuwa anaanika nguo. Akaacha mikono hewani. Mtaa mzima ulisikia. Mtaa mzima, isipokuwa mmoja. Yeye alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama mgeni kwenye ibada ya lugha asiyoijua, na tabasamu limekaa usoni bila kazi. Likaanza kuteleza. Akaangalia spika ya kushoto. Akaangalia ya kulia. Akanyoosha mkono azungushe sauti, ikagoma, ilikuwa imefika mwisho.

Akanigeukia.

Miaka yote ile alikuwa ananiambia. Hajawahi kuniomba msaada wa kitu, hata jina la waya. Na nilikuwa nimeingia pale na maneno yangu, niliyoyapanga nikifua nguo, makali, ya kutosha kumaliza ujirani.

"Amesema nini?" akauliza.

Nikavuta debe karibu. Nikainama kwa sikio la kushoto, lile lenye nafuu, na nikamwambia yote, neno kwa neno, bila kupiga kelele, na pale pa kusema "nizoee" nilirudia mara mbili kwa sababu aliniomba nirudie.  Alifuta miwani kwa shati, akaivaa. Kisha akachukua simu kwa mikono miwili, akaileta mdomoni, na mtu huyu ambaye salamu zake tulikuwa tunazisikia kutoka lami, akaongea chini kabisa.

"Kesho."

"Ati?" spika zikauliza, mpaka kuku wakatawanyika. "Ati nini, Baba Cherono? Sikusikii."

Yeye hakujua amejibiwa nini. Alikuwa ananiangalia mimi, anasubiri. Nikaichukua ile simu mikononi mwake.

"Mama," nikasema, "amesema kesho."